Nyumba isiyokula umeme hujengwa kabla ya lipu

Anayejenga hupenda kuzungumzia vitu vitakavyoonekana: vigae vya sakafuni, milango, kabati za jikoni, na siku hizi paneli za sola juu ya paa. Mimi nikiulizwa na mtu anayetaka nyumba isiyokula umeme, humrudisha kwenye vitu ambavyo baada ya miezi michache hakuna atakayeviona tena. Ndani ya ukuta kuna nini? Juu ya dari je? Chini ya sakafu? Na pale fremu ya dirisha inapokutana na tofali pamezibwa na nini? Balbu unaibadilisha kwa dakika moja. Hita unaibadilisha kwa siku moja. Ukuta uliopigwa lipu ukiwa na kasoro ndani utaishi nao, na utaulipia kila mwezi.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu fedha ni mfupi: za mwanzo ziende kwenye ganda la nyumba, yaani paa, kuta, sakafu, madirisha na maungio yake yote, za mwisho ndizo ziende kwenye mitambo. Wauzaji wa mitambo watakwambia kinyume, na siwalaumu. Ganda halina muuzaji mmoja wa kulisemea, na ndiyo maana bajeti ikibana huwa la kwanza kukatwa.

Anza na ramani, maana kwenye karatasi kuigeuza nyumba hakugharimu kitu. Ukiwa nje ya ukanda wa tropiki, vyumba mnavyokaa mchana viwekwe upande unaoelekea ikweta. Huko jua la msimu wa joto hupita juu sana, na upenu wa kawaida tu unatosha kulizuia. La msimu wa baridi hupita chini na kuingia ndani kukupa joto la bure. Ukiwa karibu na ikweta mambo hubadilika: miezi fulani jua linapita kaskazini, miezi mingine kusini, na adhuhuri linaliangukia paa moja kwa moja. Hapo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, upenu uwe pande zote mbili, na fedha nyingi ziende kwenye paa.

Dirisha kubwa la magharibi mimi nalipinga karibu kila mahali. Jua la alasiri huja likiwa chini, linapita chini ya upenu wowote utakaojenga, na linaingia saa ambazo hewa ya nje imeshapata joto la siku nzima. Kama mandhari nzuri iko upande huo na huwezi kuikosa, weka kivuli nje ya kioo, kama vile vibao vya kufungua na kufunga, au mti. Pazia la ndani halikusaidii sana, kwa sababu joto likishapita kwenye kioo limeshaingia nyumbani.

Umbo nalo lina hesabu yake. Nyumba ya mita 12 kwa 12 na ya mita 6 kwa 24 zina eneo moja, mita za mraba 144. Ya kwanza ina mzunguko wa mita 48, ya pili mita 60. Ni robo zaidi ya ukuta wa kujenga, wa kupaka rangi, na wa kupitisha joto milele. Kila kona ya mapambo inaongeza hapo. Ila penye joto na unyevu, unapotegemea upepo kupita kutoka dirisha hadi dirisha, nyumba nyembamba inakupa kitu ambacho ile ya mraba haikupi, na hapo ningeichagua bila kusita.

Sasa tuje kwenye kuzuia joto, ambako ndiko ninakotaka ukae muda mrefu. Kuna imani kwamba ukuta mnene wa mawe au zege huzuia joto. Huo unalihifadhi na kulichelewesha. Ni jambo zuri mahali ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi, lakini ni kazi nyingine kabisa. Zege hupitisha joto takriban mara 40 au zaidi kuliko sufi ya madini, yaani nyuzi za mawe au kioo zilizofumwa kama pamba. Kwa maneno mengine, sentimita 10 za sufi hiyo zikilala vizuri hufanya kazi ambayo kwa zege ingehitaji ukuta wa zaidi ya mita 4. Na siri ya sufi, ya povu, ya vipande vya karatasi, ya vizuia joto vyote vya kawaida ni moja: hewa iliyotulia ndani yake. Ukiikandamiza ili itoshee mahali pembamba umetoa hewa. Ikilowa, maji yamekaa mahali pa hewa. Ikiachwa na mwanya, hewa imeanza kutembea. Katika hali zote tatu umelipia kifaa usichokitumia.

Mwanya unadharauliwa kwa sababu ni mdogo kwa macho. Chukua dari ya mita za mraba 100. Tuseme 95 zimefunikwa vizuri, na kila moja inapitisha wati 0.2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na juu. Zilizobaki 5 ziko wazi na zinapitisha wati 2 kila moja. Zile 95 kwa pamoja zinapoteza wati 19. Zile 5 peke yake zinapoteza wati 10. Sehemu ndogo isiyofika hata upana wa chumba cha kulala imeongeza hasara kwa karibu nusu.

Nilipopanda darini kwangu na tochi, sufi kati ya mbao ilikuwa imelala vizuri, nyororo, bila mkunjo. Tatizo lilikuwa ukingoni, pale paa linapoinama na mtu hana budi kulala kifudifudi ili mkono ufike. Kuzunguka nyumba nzima palikuwa na ukanda mtupu wa upana wa viganja viwili, na kila taa ya darini ilikuwa na shimo lake pembeni. "Mama, hapa si patafunikwa?" fundi akaniuliza, kwa nia njema kabisa. Nikamwambia ndiyo maana nimepanda leo. Hakubisha, alishuka, akakata vipande upya, akarudi navyo. Jambo la kumkumbusha fundi wako hapo ukingoni ni kwamba sufi ifunike kichwa cha ukuta lakini isiguse paa lenyewe: iachwe njia ya hewa juu yake ili unyevu utoke.

Ndiyo maana kwenye mkataba wangu na kila fundi kuna sentensi moja niliyoiandika mwenyewe: hakuna kufunika kitu kabla sijakiona. Siku ya kukagua piga picha kila ukuta, futi kamba ikionekana ndani ya picha, kisha zihifadhi. Miaka ijayo ukitaka kutoboa ukuta utajua nyaya na mabomba yamepita wapi. Na mlipe vizuri fundi anayekubali kurudia kazi bila kununa. Wako wachache.

Bati au vigae vya rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, vyeusi humeza karibu wote. Kwenye nchi ya joto hilo ni punguzo la bure, kwani mara nyingi rangi zote bei yake ni moja. Karatasi ya kung'aa inayowekwa chini ya bati nayo inasaidia, lakini iwe na nafasi ya hewa upande unaong'aa, sentimita 2 au zaidi. Ikigusana na bati au na mbao pande zote mbili, basi ni kipande cha chuma kinachopitisha joto kama vyuma vingine.

Kuna njia za mkato ambazo joto hupita hata kama ukuta umevishwa vizuri. Bamba la zege la sakafu linalotoka nje moja kwa moja kuwa roshani. Boriti ya chuma iliyotoboa ukuta. Fremu ya aluminiamu isiyo na kipande cha plastiki cha kutenganisha upande wa ndani na wa nje; aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko mbao. Kwenye baridi utaziona njia hizi kwa macho, kwa sababu ndipo matone ya maji yanapojikusanya na kuvu huanzia hapo hapo. Mwambie msanifu wako achukue penseli na kufuata mstari wa kizuia joto kuzunguka mchoro mzima wa nyumba. Kila penseli inaponyanyuka, hapo pana kazi ya kufanya.

Kuhusu hewa inayovuja: wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hapa ukuta umeshaujenga na ufa bado upo, kati ya fremu na tofali, nyuma ya soketi za umeme, pale bomba linapotoka nje. Kizuia joto kikiwa na nyufa ni sweta la sufi kwenye upepo mkali. Kuna kipimo cha feni inayofungwa mlangoni, inayotengeneza tofauti ya mgandamizo wa paskali 50 na kuhesabu hewa ya nyumba inabadilika mara ngapi kwa saa. Nyumba za Passivhaus, kiwango cha Kijerumani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ambazo ya kwanza ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, na kukaliwa mwaka 1991, hazitakiwi kuzidi mara 0.6. Hulazimiki kufika huko. Ila fanya kipimo hicho kabla ya kumaliza dari na kuta za ndani, wakati nyufa bado zinafikika kwa tepu na silikoni. Nikizunguka na kijiti cha udi feni ikiwa inavuta hewa kuitoa nje, moshi ulinionyesha mahali ambapo macho yasingefika: uliinama wenyewe, ukasukumwa mbali na soketi.

Nyumba ikishazibwa hivyo, hewa safi lazima iwe na njia yake rasmi. Penye baridi, mtambo wa kubadilisha hewa unaochukua joto la hewa inayotoka na kuipa hewa inayoingia unarudisha gharama yake. Penye hali ya wastani, madirisha yanayofunguliwa kwa mazoea yanatosha. Na kama unapika au kuota moto kwa gesi, kuni au mkaa, usithubutu kuziba nyumba bila njia ya moshi na hewa ya kuingia kwa ajili ya moto huo. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua. Ukiwa sehemu ya joto na hutatumia kiyoyozi, basi habari ya kuziba hewa haikuhusu sana. Wewe unataka kivuli, paa zuri, na matundu makubwa pande mbili zinazotazamana.

Hapo ndipo ninapoonya kuhusu kunakili michoro ya mahali pengine. Karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani penye baridi, kwa sababu mvuke hutoka ndani yenye joto kwenda nje. Penye joto, unyevu na kiyoyozi, mvuke unatembea kinyume, na karatasi ile ile upande wa ndani itakusanyia maji katikati ya ukuta. Mchoro mzuri wa nchi nyingine unaweza kukuozeshea nyumba.

Madirisha nayapitia haraka. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa nyuzi moja. Vioo viwili vyenye tabaka la kuzuia mionzi ya joto na gesi ya agoni katikati, kama wati 1.1. Tofauti ni kubwa, na penye baridi nunua bila kujadili. Hata hivyo, punguza kwanza ukubwa wa madirisha, maana hata dirisha bora kabisa linapitisha joto kuliko ukuta wa kawaida uliovishwa vizuri.

Maji ya moto yanashangaza wengi. Kupasha lita 100 kwa nyuzi 40 kunahitaji uniti 4.65 za umeme. Balbu ya LED ya wati 8 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 1.2 kwa mwezi. Kwa tangi moja ungewasha taa hiyo karibu miezi minne, na bado watu hugombana na watoto kuhusu taa. Weka bafu, jiko na tangi karibu karibu. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 hubeba lita 0.3 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 za bomba ni lita 6 zinazopoa ukutani kila mtu anapofunga bomba. Kama bajeti inaruhusu, pampu ya joto, mtambo unaochota joto la hewa ya nje na kulihamishia kwenye maji, hukupa uniti 3 za joto, au zaidi, kwa kila uniti 1 ya umeme. Hita ya sola ya kupasha maji pia ni nzuri, hasa penye jua la mwaka mzima.

Paneli za umeme, betri na inveta ziache mwisho, ila maandalizi yake yafanyike sasa: paipu tupu ya nyaya kutoka paani hadi kwenye kisanduku cha umeme, na sehemu ya paa isiyo na kivuli cha bomba la moshi wala tangi. Kivuli kidogo kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini safu nzima. Hamia kwanza, soma mita ya umeme kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, majira yote yapite. Usiku mmoja zima kila kitu unachokijua, kisha uangalie mita. Kama bado inasoma wati 10, hizo ni uniti karibu 88 kwa mwaka zinazoliwa na vifaa vilivyolala. Vitafute, vichomoe, ndipo umwite mtu wa paneli umpe namba zako, kabla hajakupa zake.