Gemu za timu kwa watu wazima: muangalieni kwanza yule asiejua kucheza

Kama mnataka kuanzisha kikundi cha kucheza gemu za aksheni za kushirikiana, yani nyote mko upande mmoja mnapambana na maadui wanaoendeshwa na mashine, kitu cha kwanza cha kuangalia sio gemu ipi kali wala nani ana konsoli (mashine ya kuchezea gemu) mpya, muangalieni yule ambae hajui kucheza kabisa. Kwenye kila kundi la watu wazima yupo, labda mara ya mwisho kushika pedi ya kuchezea gemu alikua shule, labda hajawahi kabisa, kaja tu kwa vile nyie ni watu wake, na huyo ndo anaamua kama kundi litadumu ama litakufa kimyakimya. Siku akiona hana kazi pale hatalalamika, atasema yuko bize, alafu wa pili nae atakua bize, imeisha hiyo.

Mi nacheza na kikundi cha hivo, watu wa kazi na familia, viwango vyetu vimepishana mbaya, na nakwambia gemu zinatofautiana sana kwenye kumpa mtu dhaifu kitu cha kufanya. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Deep Rock Galactic, ile ya wachimba madini wanne ndani ya mapango yenye wadudu wakali, ilitoka rasmi 2020. Kila mmoja ana kazi yake: Scout anarusha mwanga maana mle ndani ni giza, Engineer anapiga majukwaa ukutani, Driller anatoboa njia, Gunner anafunga kamba ya kuvuka makorongo. Sasa madini yako juu kabisa ukutani, Scout anaweza kujivuta kwa kamba mpaka pale lakini hana pa kusimama, anamwita Engineer ampigie jukwaa, moja tu, na hata kama huyo Engineer hajaua mdudu hata mmoja usiku mzima, bila yeye madini yanabaki pale pale. Mpe mgeni wako Engineer, ana bunduki za kutega zinazojipigia zenyewe, yeye anajifunza kutembea huku zinamlinda.

Left 4 Dead ya 2008 inafika pale pale kwa njia nyingine. Kuna mazombi ya aina maalumu, likikurukia au likikukamata kwa ulimi kwa kawaida huwezi kujitoa mwenyewe, lazima mwenzako aje. Hata uwe fundi kiasi gani, ukiwaacha wenzio nyuma unakamatwa unafia mbele peke yako. Alafu ndani kuna programu inaitwa Director inayoangalia mnavyoendelea na kupanga mazombi kufuatana na hali yenu, kwahiyo hata mkirudia ramani ile ile haiwi sawa na jana, na mgeni hajisikii yeye tu ndo hajakariri.

Linganisha na Monster Hunter: World ya 2018. Gemu nzuri sana, naipenda, lakini mna hesabu ya pamoja ya kuzimia, kawaida timu ikizimia mara tatu misheni imefeli, na haijalishi nani kazimia. Mkiwa wanne na mmoja mgeni, mara nyingi hizo tatu zote ni zake, na hapo hata msipomlaumu anajilaumu mwenyewe. Sio kwamba msiicheze, ila isiwe ya kwanza. Cuphead hivo hivo, ni ya watu wawili, na mkicheza wawili mabosi, yani wale maadui wakubwa, wanaongezewa uhai, kwahiyo mwenzako mchanga anaweza kufanya pambano kua refu zaidi kuliko ungekua peke yako. Iacheni kwanza.

Kwa wanaokaa sebule moja mbele ya TV moja, anzeni na zile za kutembea upande mmoja mnapiga watu ngumi. Streets of Rage 4 ya 2020 inabeba wanne kwenye skrini moja, na TMNT (wale kasa ninja, Teenage Mutant Ninja Turtles): Shredder's Revenge ya 2022 inafika mpaka sita kutegemea na mashine. Kitufe cha kupiga, cha kuruka, mtu anaelewa ndani ya dakika chache. Ila kabla hujanunua kitu soma vizuri, neno kushirikiana kwenye kava halimaanishi TV moja. Halo, gemu ya kupiga risasi, ile ya kwanza 2001 mliweza kugawana skrini, ilipofika Halo 5 mwaka 2015 wakaitoa, watu walikasirika sana na walikua na haki. Wakati mwingine inakua kinyume, Streets of Rage 4 ilipotoka sebuleni wanne lakini kwa intaneti wawili tu.

Sasa yule anaejua sana. Huyu nae anahitaji kazi, na kazi yake isiwe kuua wengi, iwe kuhakikisha hakuna anaelala chini muda mrefu. Kwenye kundi letu mkali ndo anakaa nyuma, anafufua watu, anasema bunduki iko wapi, na nimeona watu wakali wakilipenda hilo kuliko nilivyotegemea kwa sababu ni gumu kweli, kuongoza watu watatu wanaokimbia hovyo kutoka salama ni kipimo kikubwa kuliko kujilinda mwenyewe. Kitu kimoja asifanye: asichukue pedi ya mtu. Hata kama mwenzake kakwama kwenye mlango ule ule, amwelekeze kwa mdomo. Ukimnyang'anya pedi mtu mzima mbele za watu umemrudisha mtoto.

Kuongea nako kuna namna yake. "Angalia pale!" haisaidii mtu, pale wapi? Semeni jina, kitu na upande: fulani, kushoto kwako, amelala. Kwenye Helldivers 2, gemu ya vita ya kushirikiana ambapo risasi zako zinaua mpaka wenzako, usipotangaza kabla ya kuita bomu mtakufa wote, na hamna wa kumlaumu maana hakuambiwa mtu.

Ugumu wekeni wa chini, panda pale mtakapoona mnapita huku mnapiga stori. TV iwekeni kwenye modi ya gemu (Game Mode kwenye mipangilio ya TV) maana bila hiyo TV nyingi zinachelewesha picha kidogo baada ya kubonyeza, na mgeni atadhani tatizo ni vidole vyake. Pangeni saa ya kumaliza kabla ya kuanza, watu wana asubuhi.

Na mkizidi wanne, maana nyingi za gemu hizi zinaishia wanne, msiweke ile sheria ya anaekufa anampa mwenzake pedi. Inaonekana ya haki lakini fikiria nani anakufa mapema kila mara: mgeni anacheza dakika mbili anakaa nusu saa, na mkali hashuki kamwe. Badilishaneni kwa misheni, ikiisha wote walioicheza wanajua nani anatoka, awe kafa mara kumi awe hajaguswa. Anaesubiri akae karibu na TV awe jicho la timu, yeye ana utulivu wa kuona adui anaetokea nyuma kabla ya wanaocheza, na akipiga kelele msikilizeni.