Yule askari wa Posta ni wa nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Niko Ngamiani, Tanga. Marehemu babu alikuwa anatuhadithia kwamba baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, akapigana hapahapa Tanga mwaka 1914, na eti lile sanamu la askari pale Posta, Dar, ni la kwao. Juzi nimeenda nikapiga nalo picha, kijana mmoja akanambia hilo la Mwingereza. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, kijana kasema kweli, ila hadithi ya babu usiitupe. Vita ya Tanga ya Novemba 1914 ilikuwepo, Waingereza walishusha majeshi kutoka India wakapigwa vibaya na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na nyuki nao wakawavamia, mpaka wakarudi melini. Na jeshi hilo la Mjerumani wengi wake walikuwa Waafrika, kwa hiyo babu mzaa babu yako kuwemo ni jambo linalowezekana kabisa.

Ila lile sanamu limezinduliwa 1927, Mjerumani keshaondoka, na linakumbuka askari Waafrika waliopigana upande wa Mwingereza pamoja na wapagazi, ambao maandishi pale chini yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Hao wapagazi mimi wananiuma zaidi, walibeba mizigo wakafa wengi kwa njaa na maradhi, na hata jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Sasa kabla yake hapo alisimama Wissmann, ofisa wa Mjerumani, watu wa Pangani mnamjua, ndiye aliyemshinda Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliompinga Mjerumani, Abushiri akanyongwa Desemba 1889. Sanamu lake lilimweka yeye juu, na chini yake askari Mwafrika anamwangalia kwa kuinua uso. Mwingereza alivyoiteka Dar 1916 akaling'oa, likaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaja kuliangusha 1968. Kwa hiyo leo aliyeko juu ni askari, kainama kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, na mtu kama mimi nikimtazama naona heshima hata kama waliomweka walikuwa na yao.

Kinachonisumbua ni haya maneno yaliyoandikwa pale, kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka nguzo yote, jina la askari hata mmoja hulikuti. Wewe hujanitajia jina la huyo babu mkubwa. Kama kuna shangazi au mzee yeyote pale nyumbani anayelijua, kamuulize wiki hii, uliandike kwenye daftari, kijiji alichotoka pia.