Eksirei Iligunduliwa Tarehe Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mwaka ninasoma kwamba tarehe 8 Novemba ni kumbukumbu ya kugunduliwa kwa eksirei, lakini kitabu changu cha sayansi kinataja 28 Desemba 1895. Ni kipi kilichokosea?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kilichokosea, kwa kuwa kila tarehe inahesabu tukio lake. Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lililoondolewa hewa, ambalo alikuwa amelifunika kwa karatasi nzito nyeusi isiyopitisha mwanga. Hata hivyo, gizani mle, karatasi nyingine iliyopakwa kemikali ya bariamu, iliyokuwa mbali kidogo na bomba hilo, iling'aa. Kitu kisichoonekana, yaani miale tunayoiita eksirei, kilikuwa kimepenya pale ambapo mwanga haukuweza kupenya. Tarehe 28 Desemba ndiyo siku aliyowasilisha ripoti yake kwa chama cha wanasayansi na madaktari wa mji huo.

Kati ya siku hizo mbili zilipita takriban wiki saba, na kwangu mimi huo ndio utamu wa habari hii. Röntgen hakukimbilia kutangaza, bali alirudia majaribio yake peke yake, akiweka mbao, vitabu na vipande vya metali mbele ya miale hiyo ili ajue ni kipi kinachoizuia na kwa kiasi gani. Tarehe 22 Desemba alimwomba mkewe, Anna Bertha, auweke mkono wake juu ya bamba la picha. Mifupa ya vidole ikaonekana wazi, na pete ikabaki kama doa jeusi lililozunguka mfupa. Kama ningeombwa kuchagua, ningeiadhimisha siku hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa transista, kifaa kidogo cha kukuza au kuwasha na kuzima mkondo wa umeme, ambayo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1947 huko Bell Laboratories, Marekani, lakini umma ukatangaziwa tarehe 30 Juni 1948. Nayo hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya simu ya Alexander Graham Bell ilitolewa tarehe 7 Machi 1876, siku tatu kabla msaidizi wake hajasikia sentensi ya kwanza iliyoeleweka kupitia waya.

Kwa hiyo usikifute kitabu chako. Andika pembeni mwake: 8 Novemba, aliiona, 28 Desemba, aliiwasilisha.