Maswali ya Wasomaji: Constance Baker Motley Mahakamani

SWALI: Je, ni kweli Constance Baker Motley ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani?

Hapana. Wa kwanza ni Charlotte E. Ray, aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1872 na kukubaliwa kuwa wakili mjini Washington mwaka huohuo. Alifungua ofisi yake, lakini ubaguzi ulimnyima wateja, akaifunga na baadaye kwenda kufundisha shule Brooklyn. Inauma kuona jina lake likisahaulika. Motley, aliyezaliwa New Haven mwaka 1921, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kusimama na kutoa hoja mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani (1961), na wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho (1966).

SWALI: Inasemekana alishinda kesi 9 kati ya 10 katika Mahakama ya Juu. Ni ufasaha tu wa kuzungumza?

Ufasaha alikuwa nao, ila kesi zake alizishinda kwanza kwenye makaratasi. Alianza kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili wa kutetea haki za weusi, mwaka 1945, na hati ya awali ya madai katika kesi ya Brown, iliyokuja kuvunja ubaguzi mashuleni, aliiandika yeye. Katika rufaa, jambo ambalo halimo kwenye kumbukumbu za mahakama ya chini ni kama halikuwahi kutokea.

Tazama kesi yake ya kwanza katika Mahakama ya Juu. Charles Hamilton alihukumiwa kifo Alabama, na siku aliposomewa mashtaka hakuwa na wakili. Jimbo halikuona tatizo, kwani wakili alikuwepo baadaye kesi iliposikilizwa. Lakini kwa sheria ya Alabama, siku ileile ya kusomewa mashtaka ndiyo ya kutoa utetezi wa wazimu au kupinga namna lilivyoteuliwa baraza la raia lililoamua ashtakiwe. Ikikupita, kwa kawaida nafasi hiyo hairudi. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuthibitisha kwamba Hamilton aliumizwa na kukosa wakili. Majaji wote walikubali na hukumu ikatenguliwa.

SWALI: Na ile moja aliyoshindwa?

Ni kesi ya Swain dhidi ya Alabama, mwaka 1965. Robert Swain, kijana mweusi wa miaka 19, alihukumiwa kifo kwa kosa la kubaka katika wilaya ya Talladega. Juri, yaani raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ilipatikana kwa kukatana majina. Orodha ya watu wapatao 75 ililetwa, utetezi ukafuta majina 2, mwendesha mashtaka 1, hivyohivyo hadi wabaki 12. Hakuna aliyetakiwa kutoa sababu. Weusi 6 waliokuwa kwenye orodha walifutwa wote na mwendesha mashtaka. Tangu mwaka 1950 hivi hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameketi kwenye juri ya kusikiliza kesi wilayani humo.

Motley alishindwa kwa kura 6 dhidi ya 3. Mahakama ilisema kufuta weusi katika kesi moja hakutoshi. Lazima ionyeshwe kwamba mwendesha mashtaka hufanya hivyo kesi baada ya kesi, na kumbukumbu hazikuonyesha ni nani aliyewafuta katika kesi zilizotangulia. Huo ulikuwa mzigo usiobebeka, maana mahakama nyingi hazikuwa na desturi ya kuandika nani kafuta nani.

Mwaka 1986, katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliutupa mzigo huo. Tangu hapo mshtakiwa anaweza kutegemea yaliyotokea katika kesi yake mwenyewe, na dalili za ubaguzi zikionekana, mwendesha mashtaka hulazimika kueleza sababu isiyohusu rangi. Wakati huo Motley alikuwa na miaka 20 kwenye kiti cha ujaji New York.