Barua kwa mwanangu: saratani ya kijana na saratani ya mzee

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Pole sana kwa habari ya mwenzako wa kazini. Miaka 33, katibiwa bawasiri miezi na miezi, kumbe ni saratani ya utumbo mpana. Unaniuliza kama dalili kwa vijana ni tofauti na zile tulizozoea kuziona kwa wazee.

Nimestaafu uuguzi, lakini hili bado nalikumbuka vizuri. Dalili hutegemea zaidi uvimbe umekaa wapi na umekua kiasi gani. Umri hubadilisha aina ya saratani inayompata mtu, na hubadilisha kisingizio kinachotumika kuipuuza. Hicho kisingizio ndicho kinachoniudhi.

Chukua hiyo ya utumbo. Kwa vijana mara nyingi hukaa upande wa kushoto au karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Damu ya huko haina safari ndefu, hutoka nyekundu, mtu akaiona na kusema bawasiri. Huweza kuja na maumivu ya tumbo, kuharisha kusikokoma, au choo kuwa chembamba. Kwa wazee, mara nyingi zaidi kuliko kwa vijana, hukaa upande wa kulia. Huko utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe hukua bila kuziba kitu. Damu huvuja kidogo kidogo ikichanganyika na choo, macho yasiione. Mzee anapauka, anahema akipanda ngazi, na nyumbani wanasema ni umri. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, wala hakuna anayeuliza hiyo damu inapotelea wapi! Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, lazima utumbo uchunguzwe. Msichana naye ataambiwa ni hedhi tu.

Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aligunduliwa na saratani hiyo ya utumbo mwaka 2016, akafariki 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi wake wa kawaida, kwa watu wasio na dalili, kutoka 50 hadi 45. Aliye chini ya hapo kwa kawaida haitwi kupimwa, hivyo mara nyingi dalili ndiyo kengele yake pekee.

Zipo saratani zinazopenda ujana. Ya korodani huwapata zaidi wanaume kati ya miaka 15 na 40, na huanza kama kivimbe kisichouma, jambo ambalo kijana huona aibu kulisema. Limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, huvimbisha tezi za shingo bila maumivu, pengine na homa, jasho la kulowesha shuka usiku na mwili kuwasha. Ya mifupa kwa wanaobalehe hupenda eneo la goti, na husingiziwa mpira. Na mwanamke kijana akigusa uvimbe kwenye titi asitulizwe na mamogramu (picha ya eksirei ya titi) peke yake, kwa kuwa titi la ujanani lina tishu nzito zinazoweza kuuficha. Aombe na ultrasaundi.

Kwa wazee ugumu ni kwamba magonjwa yamejaa tayari, na jipya hujificha nyuma ya la zamani. Maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia hata akilala (sentensi hii namsomea baba yako kwa sauti) yanaweza kutokana na saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi mifupani, au na mieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho wa mifupa. Saratani ikila mifupa, kalsiamu hupanda kwenye damu. Mzee anakuwa na kiu, anafunga choo, anachanganyikiwa, na watu wanadhani ni usahaulifu wa uzeeni.

Sikutishi. Damu ya chooni kwa vijana mara nyingi ni bawasiri kweli, lakini ithibitishwe kwa kuchunguzwa, isikisiwe kwa kutazama umri. Ikiendelea baada ya matibabu, urudi na useme wazi: nataka kipimo cha kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Uvimbe wowote usioisha kwa wiki chache, ukaoneshwe.

Na huyo mwenzako akipata nguvu, mwambie awajulishe ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake. Ndugu wa namna hiyo hushauriwa kuanza kupimwa wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mgonjwa, linalotangulia. Kwa ndugu zake ina maana miaka 23.

Mama yako