Mashua mpya inavuja kwenye maungio

Swali: Mashua yangu ya tanga, mita 4, inavuja kwenye maungio ya mbao tangu niishushe jana. Niipandishe nikaongeze kalafati (pamba ya kuziba maungio)?

Jibu: Usiiguse bado. Mbao kavu hufura zikinywa maji. Iache ielee siku 2 au 3 huku ukikumba maji kwa kopo. Ukishindilia pamba sasa, mbao zikifura zitasukumana na kulegeza misumari, hata kupasua mataruma (mbavu za mashua).

Ikiendelea kuvuja, ipandishe, uchokonoe pamba pale panapovuja tu. Mbao zigusane upande wa ndani, nje uwepo uwazi wa milimita 2 hivi. Mwanga ukipenya, pamba haina pa kukwama: ziba kwa ufito wa mbao. Kwingine gonga pamba iliyosokotwa kwa patasi butu hadi milimita 3 chini ya uso, kisha ziba juu kwa puti.