Omba CD, Usiridhike na Karatasi

Juzi dada mmoja wa Kayole aliniandikia: mumewe huzirai alfajiri, akinyweshwa soda anazinduka, na skani ya CT, eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande, imesema kongosho halina neno. Nilisoma nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza kituo changu.

Huyo mume ni mimi wa 2019. Nilikuwa naamka natetemeka, jasho chapachapa, namwita mke wangu kwa jina la dada yangu. Wakasema kifafa. Shemeji mmoja (anajijua) akasema nimerogwa. Nilimeza vidonge vya kifafa miezi minane, hadi nesi wa zamu ya usiku aliponipima sukari: 1.9! Mtu mzima wa afya huwa karibu 4 na zaidi.

Daktari wa homoni akashuku insulinoma, uvimbe wa kongosho unaomwaga ovyo insulini, homoni inayoshusha sukari. Huwapata watu 1 hadi 4 katika milioni kwa mwaka. Nikalazwa bila kula, sukari ikaporomoka, insulini ikakutwa juu. Ugonjwa upo, lakini uko wapi?

Skani ya kwanza, kwa pesa za harambee: "Hakuna kitu." Bado inaniuma. Uvimbe huu mara nyingi haufiki sentimita 2. Umejaa damu, kwa hiyo hung'aa sekunde chache tu, dawa ya kung'arisha mishipa inapopita kwenye ateri. Picha ikichelewa, unafanana na nyama iliyouzunguka. Vipande vya picha vikiwa vinene, unafichika humo.

Hospitali ya pili walipiga kwa wakati wake, vipande vya milimita 1, kompyuta ikaviunga kuwa umbo la pande tatu. Mtaalamu wa picha akalizungusha mbele yangu: mishipa kama mizizi ya mgumo, na mkiani mwa kongosho kidude kama punje ya njahi, king'aavu. Sentimita 1.3. Nililia kwa furaha. Daktari wa upasuaji alipangia kisu chake kwenye picha hiyohiyo.

Basi pimeni sukari dalili zikiwa zimewashika, si baada ya chai. Ulizeni kama picha ilipigwa dawa ikiwa kwenye ateri. Ombeni CD yenye picha zenyewe, mtu mwingine azisome. Ombeni CD! Sisi wana-Nairobi tunamhoji fundi wa simu maswali kumi kuhusu kioo, halafu mbele ya daktari tunaitikia "asante" na kukunja karatasi ya majibu.

CD ikikosa jibu, bado kuna altrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Dada wa Kayole, mwambie mzee asilale bila kula. Alhamisi niko mjini, njoo na CD.